Mgeni Aliyedhaniwa

Kwa miaka kumi na tisa alisoma ramani kichwa chini. Mgeni husimama upande ule wa kaunta, yeye upande huu, na ramani hulazwa imtazame mgeni. Kwa hiyo kwake yeye mito ilipanda milima, kusini ilikuwa juu, na majina ya miji yalining'inia miguu juu kama popo. Ukimpa ramani iliyokaa sawasawa ilimbidi aigeuze kwanza ndipo aielewe. Walimwita Mama Ramani, kazini na mtaani, na wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa na utani wa siku zote kwamba siku wakimzika itabidi wamlaze kifudifudi, la sivyo atapotea njia ya ahera.

Kituo cha wageni alichokitunza kilikuwa chumba kimoja kirefu kwenye njia panda, pale barabara kuu inapoachana na ile ya milimani. Ukuta mmoja ulijaa rafu za vipeperushi. Kulikuwa na kaunta ya mbao iliyochubuka mahali watu wanapoegemeza viwiko, benchi mbili, bomba la maji ya kunywa, na nyuma kabisa vyoo viwili ambavyo, tusidanganyane, ndivyo vilivyosimamisha magari mengi. Jengo lilikuwa la halmashauri ya mji. Mshahara wake ulitoka serikali ya jimbo. Rangi ya kuta, viti, vipeperushi na hata saa ya ukutani vilitoka kwa wabia: wenye hoteli, wenye mashua za ziwani, wafuga nyuki, chama cha waongoza watalii. Mfagiaji wa kituo, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, aliiita ndoa ya mume mmoja na wake wengi: mume anakaa mbali, na kila mke anadai ukuta wake.

Kilichoifunga ndoa hiyo kilikuwa bango. Kabla ya kufika njia panda, kila upande wa barabara, palisimama bango la buluu lenye nembo ya jimbo, likimwambia dereva kwamba mbele kuna mahali pa kuuliza. Jimbo huliweka kwa kituo linachokitambua, na hulingʼoa likiacha kukitambua. Kituo cha kule ziwani kilingʼolewa bango lake miaka miwili iliyopita. Leo chumba kile ni ghala la saruji, na mwanamke aliyekuwa akikaa kaunta, aliyejua saa za kila mashua na tabia ya kila nahodha, anauza vocha za simu chini ya mwavuli. Mama Ramani alipopita pale hakuteremka. Alimpungia mkono kutoka dirishani, akageuza uso upande wa pili. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Minne tu ilibaki kabla ya kustaafu.

Sura ya jimbo lile, kwenye majalada ya vitabu vya utalii na kwenye kuta za ofisi, ilikuwa maporomoko ya maji. Yalianguka ndani ya korongo refu, na kulifikia bwawa la chini ilibidi mtu ashuke ngazi za mbao zenye vipandio mia mbili na kumi na vinne, zikikata kona nne ubavuni mwa mwamba. Penye kona ya pili palikuwa na kibaraza cha kupumzikia. Mdogo wake wa kiume alikuwa mwongoza watalii kule. Aliitwa Swala, kwa miguu yake myembamba na haraka zake. Kila asubuhi saa moja na nusu Swala alimpigia dada yake simu kutoka getini: maji yamejaa au yamepungua, kuna ukungu, kuna mti umeanguka njiani. Simu hiyo haikuandikwa katika mwongozo wowote wa jimbo, lakini ndiyo iliyokuwa roho ya kituo. Aliyeelekezwa na Mama Ramani alikuwa amepewa habari ya asubuhi ileile, na madereva walijua hivyo, wakawa wanasimama kumuuliza hata wanapokuwa wamechelewa.

Asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi, sauti ya Swala ilikuwa ya chini. Alisema kuanzia kona ya tatu nguzo za kushikilia zinacheza, na vipandio kadhaa vimeoza upande wa chini. Juu ukivitazama ni vizima.

"Ukikanyaga, dada, vinabonyea kama mkate uliolowa."

Mhandisi wa jimbo alikuwa ameshafika, amepiga picha, na matengenezo yamewekwa katika mpango wa mwaka ujao. Ngazi zikifungwa sasa, Swala alisema, zitafungwa mpaka zabuni itangazwe, ikatiwe rufaa, itangazwe upya. Na yeye ana watoto wanne wala hana kazi anayoijua ila kushuka na kupanda. Basi wakapatana, ndugu wawili, kwa simu, bila kumwita shahidi. Swala hatamshusha mtu kupita kibarazani, ambako maporomoko yanaonekana vizuri tu. Na wale wanaokwenda bila mwongozaji, dada mtu atawaambia pale kaunta: ishieni kibarazani. Hakuna tangazo, hakuna kamba. Neno la mdomo tu, na alama ndogo ya kalamu nyekundu kwenye ramani.

Kwa mwezi mzima neno la mdomo lilitosha. Ndipo akaja afisa ubia.

Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mtumishi wa ofisi ya utalii ya jimbo, kazi yake kuzunguka vituoni kuhakikisha serikali na wabia wanaelewana. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana habari hii ni ngumu kuisimulia. Alimwamkia Mama Ramani kabla hata ya kutua mkoba, akaulizia mgongo wake uliokuwa ukimsumbua mwaka jana, akausifia usafi wa vyoo hadi mfagiaji akaona haya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema meneja wa hoteli ya maporomokoni, mbia mkubwa kuliko wote, amelalamika. Wageni wanafika kwake wameshatiwa hofu ya kushuka.

Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama yalisemwa.

"Ngazi zimeoza, mwanangu," Mama Ramani alimwambia.

"Kuna taarifa rasmi ya kuzifunga?"

"Hakuna."

"Basi ziko wazi, mama."

Hata hivyo aliiandika habari hiyo, na baada ya siku tano akapiga simu kusema ameipeleka kwa wahandisi, nao wamemjibu kwamba imo katika mpango. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya yote aliyopaswa kufanya. Labda alikuwa ameyafanya.

Lakini siku ile, kabla ya kuondoka, aliacha karatasi juu ya kaunta. Mwaka uliopita kituo kilipata alama sabini na sita. Mwaka huu kikipata chini ya themanini, bango litangʼolewa. Na atakayetoa alama ni mgeni wa siri, mtu aliyelipwa kujifanya msafiri, atakayeingia siku yoyote kuanzia wiki ile hadi mwisho wa mwezi unaofuata, aulize maswali yake, atabasamu, aage, kisha akajaze fomu ndani ya gari. Ataangalia kama amesalimiwa kabla hajafika kaunta. Ataangalia kama ametajiwa wabia wasiopungua watatu. Na kulikuwa na kisanduku kimoja ambacho afisa alikigusa kwa ukucha: mhudumu hakutoa kauli ya kumvunja mgeni moyo.

"Mgeni usimwambie asichoweza kufanya, mama. Mwambie anachoweza."

Mfagiaji alikuwa na elimu yake kuhusu jambo hilo, aliyoitoa bure siku ileile akiwa ameegemea ufagio. Mgeni wa kweli, alisema, anaanza na choo. Ametoka mbali, kibofu kimejaa, hana nafasi ya kupenda mandhari. "Wa siri amelipwa, shoga, amekojoa kwao. Utamwona na viatu vipya na maswali yamepangwa foleni." Walicheka mpaka Mama Ramani akafuta machozi kwa kipeperushi cha asali. Lakini mzaha ukikaa sana mahali huanza kufanya kazi, na ule ulianza kazi kesho yake.

Hakukusudia kuwa na vinywa viwili. Familia zenye watoto aliziambia ukweli kama zamani, na madereva, na wapenzi walioshikana mikono. Aliwachorea alama nyekundu, akawaambia kibarazani panatosha. Lakini aliyekuja peke yake, nadhifu, asiye na haraka ya choo, huyo alipewa maneno ya karatasi. Alijiambia hakuna hasara. Mgeni wa siri haendi maporomokoni. Huuliza tu, jibu analolitaka ni la fomu, si la miguu yake. Na mtihani hauambiwi ukweli, hujibiwa. Wiki mbili, tatu, aliishi hivyo, akiwapima watu tangu mlangoni, viatu kwanza, uso baadaye, na jioni alirudi nyumbani amechoka kwa namna ambayo miaka kumi na tisa ya kazi haikuwahi kumchosha.

Alhamisi moja saa nne asubuhi akaingia mwanaume wa umri wake au zaidi kidogo. Shati lilipigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Mkononi daftari, mfukoni kalamu mbili. Viatu vyake vilikuwa vipya. Hakutazama kabisa upande wa vyoo. Mfagiaji, aliyekuwa akipangusa rafu, alikohoa mara mbili.

Mtu yule aliuliza maswali yake kwa mpangilio, akiandika kila jibu. Geti linafunguliwa saa ngapi. Pana mahali pa kula karibu. Zahanati iko umbali gani. Watu wengi kwa mkupuo wanaweza kushuka, au lazima wapeane zamu. Mama Ramani alimtajia hoteli, mashua na asali, na chama cha waongoza watalii kwa ziada. Alijisikia akijibu vizuri. Alijisikia, Mungu amsamehe, akifurahia.

Kisha mtu yule akaacha kuandika.

"Na ngazi zenyewe, mama, ni salama mpaka chini?"

Ramani ilikuwa kati yao, na kona ya tatu ilikuwa chini ya kidole chake mwenyewe.

"Ziko wazi, mzee wangu. Na mandhari ya chini ndiyo nzuri zaidi."

Hakusema ni salama. Kwa siku nyingi baadaye angelishikilia hilo, kwamba alisema wazi, hakusema salama, kama anayezama anavyoshika majani ya ukingoni. Na kila mara majani yangengʼoka, kwa kuwa alijua kabisa alichoulizwa. Mtu yule alimshukuru, akaagwa kama karatasi inavyotaka, akatoka. Mfagiaji alimsindikiza kwa macho hadi barabarani, akatangaza kwamba yule ni mgeni wa siri mia kwa mia, na kama si yeye basi mfagiaji mwenyewe avue khanga atembee uchi sokoni.

Swala hakuwa na desturi ya kupiga simu mchana. Ilipolia saa tisa kasoro, Mama Ramani aliitazama ikiita mara tatu kabla ya kuipokea. Swala alikuwa anahema. Alisema mtu mmoja aliyeshuka peke yake amevunja kipandio chini ya kona ya tatu, akapita katikati, akaangukia mwamba. Paja limevunjika, labda na nyonga. Wamempandisha watu wanne, wamemlaza kwenye mlango walioungʼoa stoo ya hoteli, na sasa gari linampeleka hospitali ya mkoa. Yuko hai. Anazungumza.

"Amevaa viatu gani?"

"Dada?"

"Viatu vyake, Swala."

"Nimekiona kimoja. Kingine kimekwenda na maji. Ni kipya. Kwa nini?"

Alikata simu bila kujibu. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa paja la yule mtu. Lilikuwa bango. Aliliona likingʼolewa, mashimo mawili yakibaki kwenye udongo, na ndipo, nyuma ya bango, akamwona mtu amelala juu ya mlango. Mpangilio huo wa mawazo ndio ulimtisha zaidi ya ajali yenyewe, na hakumsimulia mtu.

Kesho yake ikajulikana kwamba majeruhi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi kule bondeni. Ofisi ya jimbo ilitoa maelezo mafupi na ya pole: mgeni aliteleza akakivunja kipandio, mbao zilikuwa na unyevu, viatu vilikuwa vipya. Walimuuliza Swala, na Swala akasema ndiyo, aliteleza. Fundi wa hoteli akapigilia ubao mmoja mpya mahali pa ule uliovunjika, ukawa unangʼaa kati ya wenzake kama jino la bandia. Wenzake hawakuguswa.

Jumatatu afisa ubia alipiga simu, na safari hii furaha ilimzidi. Ripoti imetoka. Kituo kimepata alama themanini na nne, bango linabaki. Nakala ililetwa mchana na dereva wa ofisi, na Mama Ramani akaisoma amesimama. Mgeni wa siri alikuwa amekuja siku kumi na tano kabla ya mwalimu. Alikuwa ni yule mama mnene mwenye mtoto mgongoni, aliyeingia akitokwa jasho na kuuliza choo kabla salamu haijaisha. Mama Ramani alimkumbuka vizuri. Alikuwa amemchorea alama nyekundu, akamwambia na mtoto huyo usithubutu kupita kibarazani. Katika kisanduku cha kauli za kuvunja moyo yule mgeni alikuwa amemkata alama mbili, kama fomu ilivyomtaka. Lakini chini kabisa, kwenye maoni mengine, ambako watu wengi huacha wazi, aliandika kwa mkono: Mhudumu alinieleza ukweli kuhusu ngazi. Nilijisikia nimefika kwa mtu.

Mfagiaji alicheza na ufagio wake kutoka mlangoni mpaka kaunta. Mama Ramani aliikunja ripoti, akaingia chooni, akafungua bomba la maji, akaliacha litiririke muda mrefu.

Kwa hiyo hakukuwa na haja. Hilo ndilo lililomtafuna wiki ile. Kama uongo wake ungeliokoa bango, angalau angekuwa na cha kuutetea. Lakini bango lilikuwa limeshaokolewa, na kilichosaidia kuliokoa ni ukweli aliompa mtu asiyemshuku. Yule aliyemshuku ndiye aliyemnyima ukweli huo. Ofisini hakuna aliyejua. Mwalimu mwenyewe hakujua. Angeweza kumaliza miaka yake minne akiwa na cheti cha alama zile ukutani.

Jumapili mchana alikula kwa Swala, kama Jumapili zote. Watoto walipokwisha kunawa na kutoka, Swala akasema amekwenda kumwona mwalimu hospitalini, na aliisema kama mtu anayeleta habari njema. Hana kinyongo na mtu. Anajilaumu mwenyewe kwa kuvaa viatu vipya. Safari yake ile ilikuwa ya kukagua njia, kwa sababu darasa lake linakuja maporomokoni mwezi ujao, na safari iko palepale. Mwalimu mwenzake atawaleta, ila amesisitiza watoto wavae raba za zamani.

Mama Ramani aliacha kula. Aliuliza kama vipandio vile vingine vimebadilishwa. Swala alitazama sahani yake.

"Nitawashusha mimi mwenyewe," alisema. "Nitaishia nao kibarazani. Sitawaacha wapite."

"Alhamisi ile ulikuwepo, Swala."

Alikuwepo kweli, kona ya pili, na kundi la watu sita, na mwalimu alimpita hatua mbili tu, akamsalimia. Swala alidhani dada yake ameshamwambia. Hivyo ndivyo walivyopatana: kila mmoja alikuwa ameuweka ulinzi kwa mwenziwe.

Wifi ndiye aliyezungumza. Kila siku mzaha ulimtangulia mdomoni. Leo hakuwa nao. Alisema taratibu, akikusanya vyombo, kwamba anaujua moyo wa wifi yake na anaona unakoelekea.

"Ngazi zikifungwa, huyu atashusha nani? Na ukisema ulijua, wifi, utakuwa umesema na yeye alijua. Mtangʼoka wote wawili."

"Na watoto wakianguka?"

"Hawajaanguka."

"Wifi."

"Wa kwangu ndio ninaowaona," wifi akasema. "Wale siwaoni. Nisamehe, lakini siwaoni."

Alikuwa amesema tu kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wakikifanya wiki nane. Ukiwa nyuma ya kaunta huwaoni watu wanakokwenda. Unaona mgongo ukitoka mlangoni, kisha unapanga vipeperushi. Swala alimsindikiza mpaka barabarani, haraka zake zote zimemwisha, na walipoagana alimshika dada yake mkono akakaa nao, kisha akauachia. Hakumkataza. Baadaye Swala alikuwa akisema hivyo kwa watu, kwamba ndugu mwingine angekataza, yeye hakukataza. Na ni kweli.

Jumatatu Mama Ramani aliomba ruhusa ya asubuhi, akaenda hospitali ya mkoa. Wodi ya wanaume ilikuwa ghorofa ya kwanza, vitanda kumi na viwili, madirisha yamefunguliwa nusu. Mwalimu alikuwa kitanda cha tano. Mguu wake ulining'inizwa kwa kamba na vipande vya chuma, na uso ulikuwa umepungua kuliko ule wa kaunta, lakini ndevu zilikuwa zimenyolewa vizuri. Alimtambua mara moja, akafurahi, akataka kujiinua, akashindwa. Akaanza kumwomba radhi. Alisema amewasumbua watu wengi, amewaharibia jina, na yeye mzima na akili zake amekwenda mlimani na viatu vya dukani.

Mama Ramani alikuwa ameyapanga maneno yake ndani ya basi, yakapotea yote. Akabaki na la mwisho.

"Mwalimu, hukuteleza. Mbao zimeoza. Nilijua."

Mwalimu alimtazama. Mgonjwa wa kitanda cha nne alipunguza sauti ya redio yake, bila aibu, asikie vizuri.

"Ulijua siku ile niliyokuuliza?"

"Nilijua kabla."

"Na mbona wengine uliwaambia? Mdogo wako alipokuja hapa alisema dada yake huwaonya watu. Nikadhani ni kuhusu utelezi, na labda nilisahau kusikia."

Akamweleza. Alimweleza habari ya afisa na karatasi, alama na bango, mgeni wa siri, viatu, choo. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa jambo la kipuuzi, na hakuacha kitu. Mwalimu alisikiliza ametazama dari. Habari ilipofika kwenye choo, kifua cha mwalimu kikaanza kutikisika, akaushika upande wa nyonga.

"Usinichekeshe, mama, naumia. Mimi nina kisukari. Nilisimama vichakani mara tatu kabla ya kufika kwako." Alipumzika kidogo. "Kwa hiyo ulidhani mimi ni serikali."

"Ndiyo."

"Na serikali ndiyo ivunjike paja?"

"Nilidhani hutashuka. Wale huuliza tu."

Kicheko kilimwisha, na alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mahudhurio. Alisema watoto ni arobaini na wawili. Alisema aliye mdogo kuliko wote ana miaka tisa, amerushwa darasa kwa sababu ya akili, na hawezi kutembea, hukimbia. Alisema mwalimu mwenzake atakayewaleta ni kijana mwaminifu ambaye hufanya kila kitu kama alivyoandikiwa, na yeye, kutoka kitanda hiki, alikuwa amemwandikia kwamba ngazi zinapitika mpaka chini. Alikuwa ameinukuu kauli ya mhudumu wa kituo cha serikali.

Mama Ramani alikaa kwenye kiti cha chuma na mikono yake mapajani. Alitaka atukanwe. Mwalimu hakumtukana. Alimwita muuguzi, akamwomba karatasi isiyo na mistari na kitu cha kuandikia juu yake, na muuguzi akaleta ubao wa chati za wagonjwa.

"Andika," mwalimu akamwambia.

"Niandike nini?"

"Ulichoniambia. Niielekeze kwa mkuu wangu wa shule, na ofisi yenu ya jimbo, na huyo mhandisi. Mimi maneno yangu watasema ni ya mtu mwenye maumivu. Ya kwako watayasoma."

Aliandika. Alianza na ngazi, akaendelea na simu ya asubuhi, na penye jina la aliyempa habari kalamu yake ikasimama. Dirishani palipita sauti ya kitanda cha magurudumu kikisukumwa chini uani. Aliruka mahali pa jina, akaandika mistari miwili, akarudi, akaliandika. Kisha akaandika kwamba aliulizwa kama ni salama, na alilojibu. Aliweka saini.

Mwalimu aliisoma akiwa ameishika juu ya uso wake, midomo ikichezacheza, kama anasahihisha. Akamrudishia.

"Hujaweka tarehe."

Akaandika ya siku ile. Mwalimu akatikisa kichwa juu ya mto.

"Hiyo ni ya siku uliyosema, mama. Weka na ya siku uliyojua."

Aliikumbuka vizuri sana. Ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu, kiangazi kikianza, wiki zote zile nyuma. Akaiandika pembeni ya ile ya kwanza, akampa karatasi, na mwalimu akaiweka chini ya mto bila kusema ahsante.